Matanga Ambayo Florentine Hakukaa

Katika mji wa Baraka hakuna maiti anayeshuka kaburini bila Florentine kujua alikufa saa ngapi, nani alimwosha, na nani alikuja kulia macho makavu. Si uchawi, ni miguu. Akisikia kilio anajifunga kitenge cha pili, anachukua sukari yake kidogo, anakwenda kukaa. Kwa Wakatoliki anakaa, kwa Waprotestanti anakaa, kwa Waislamu wa kando ya ziwa anakaa upande wa wanawake na kitambaa kichwani. Na watu wanamrudishia. Nyumba yake nyuma ya soko haijawahi kulala na mkeka mtupu. Bamama wanaoshuka kutoka Kilembwe na karanga na mawese wanalala kwake, wajomba wa Lulimba wanalala kwake, na hata anayepita tu njiani anaitwa aonje sombe, majani ya muhogo ya kutwanga.

Basi fikiria mwanamke wa namna hiyo amekaa mbele ya kompyuta, anasoma habari za matanga ambayo yeye hakukaa.

Ilikuwa mwaka 2012. Redio zote zilikuwa zinalia Goma, Goma, utafikiri vita viko kaskazini peke yake. Sisi wa Fizi tulikuwa na vya kwetu: watu wa msituni na bunduki zao juu milimani, askari barabarani, na mwananchi katikati na mzigo kichwani. Florentine alikuwa sekretari wa shirika moja dogo, Amkeni, lililokuwa na miradi mitatu: visima, shule, na mbegu. Kila mradi na mkubwa wake, na kila mkubwa na ukurasa wake ndani ya ile programu ya kupanga kazi: kazi gani, nani anaifanya, lini, imekwisha au imeahirishwa, na kwa sababu gani. Mkubwa wa visima aliangalia visima vyake, wa shule akaangalia shule zake. Ya jirani haimhusu.

Juma lile bureau ya Bukavu, yaani ofisi kuu, ilitaka kujua kwa nini magari ya Baraka yanachelewa kila mara kupanda milima. Madame Constance, aliyesimamia miradi yote, akamwita Florentine, kwa jina la binti yake kama wote walivyomwita.

“Angalia hapa, Mama Gentille. Usifungue mradi mmoja mmoja, utazeeka. Unabonyeza hapa, unachagua yote mitatu, halafu unaiambia ikuonyeshe tu kazi zilizoahirishwa. Inachekecha yenyewe. Unga unapita, pumba zinabaki.”

“Na sisi tunataka pumba?”

“Leo tunataka pumba.”

Antena juu ya paa ilifikiri kwanza, kama kawaida yake, kisha mistari ikaanza kushuka. Mvua. Tairi. Daraja. Dereva ana malaria. Matanga. Tairi. Matanga. Matanga tena.

Florentine akasogeza kiti. Katika ukurasa wa visima, matanga yalikuwa yametokea mara moja moja, mkubwa akasema pole na kusahau. Kwa shule vilevile. Kwa mbegu vilevile. Lakini hapa yalikuwa yamekaa pamoja kwenye kioo kimoja, kama ndugu waliokutana, na yote yaliandikwa na mtu mmoja: Useni, yule anayetuma magari. Na yote yalikuwa ya safari za barabara moja, ile inayotoka Fizi kwenda Kilembwe.

“Madame, huyu Useni anazika nani?”

“Si jamaa zake?”

“Jamaa bote hao? Na mi sikuitwa?”

Constance alicheka. Florentine hakucheka. Alichekecha tena, akaacha matanga peke yake, kisha akasoma tarehe. Tarehe za vifo hazimtoki kichwani. Siku hii, lori la makreti ya bia lilichomwa kwenye kona juu ya Fizi. Mjane wa dereva alilia begani mwake. Siku ile, wauza chumvi wawili walipigwa risasi. Mkeka wa kilio ulikuwa wake. Safari ya shirika iliondolewa katika siku fulani kwa sababu ya matanga, na siku hiyohiyo barabara ileile ilileta matanga ya kweli. Kila mara.

Aliuhifadhi ukurasa ule kama Constance alivyomfundisha, akauita “Matanga”. Hakufikiri kwamba kinachohifadhiwa pale kinafunguka kwa kila mtu wa bureau.

Isidore ndiye aliyekuwa mkubwa wa usalama wa shirika, na wote walimwita chef. Viatu vyake havikuwa na sauti, na jioni alikunywa na maofisa wa kambi ya jeshi. Saa sita mchana alisimama nyuma ya kiti cha Florentine.

“Mama Gentille, nani alikufa?”

“Hakuna, chef.”

“Mi naona ku kompyuta yangu balikufa wengi.” Akainama kidogo. “Useni iko na bahati mbaya sana. Ao nzuri sana.”

Akaondoka. Florentine alibaki anatazama mlango. Miaka ile jina likitajwa kambini pamoja na barabara, mwenye jina aliitwa kuulizwa maswali, na mke wake ndiye aliyebaki kuuliza maswali mengine, mlangoni, mpaka akachoka. Lakini pia, kama Useni kweli anajua risasi zitalia lini, amejulia wapi? Na wale wauza chumvi, damu yao iko mikononi mwa nani?

Jumamosi alijifunga kitenge cha pili, akachukua sukari, akaenda kwa Useni kukaa matanga.

Mke wake, Mwanahamisi, alikuwa anapepeta mchele uani.

“Pole sana, mama,” Florentine akasema kwa ile sauti ya chini ya kilioni. “Pole kwa matanga.”

Ungo ukasimama. “Matanga gani? Mama Gentille, nani alikufa?” Akageukia nyumba. “Useni! Useni we! Nani alikufa na mi sijaambiwa?”

Jirani mmoja alishaweka kichwa juu ya ua. Useni, baba yake Iddy, akatoka na birika la udhu mkononi, mtu mrefu wa maneno machache. Akaangalia kitenge, akaangalia sukari, akaelewa.

“Ingia ndani,” akasema. “Na sukari yako.”

Ndani Florentine hakukaa. “Papa Iddy, mi nalikuja kulia. Uniambie nimulilie nani. Mama yako? Shangazi? Ao wale wauza chumvi?”

“Punguza sauti.”

“Weye uko na batu ya msituni?”

“Ningekuwa nabo ningeacha gari iende, bapate mbegu ya kula na viatu ya dereva Eddy ya kuvaa. Mi nazuia gari, Mama Gentille. Mwenye kutega hazuii.”

“Unajua aje, basi?”

Useni akamtazama mke wake. Mwanahamisi, aliyesimama mlangoni na ungo wake, ndiye aliyesema. “Umwambie. Akitoka hapa bila kujua atajitungia yake, na yake itakuwa mbaya kuliko ile ya kweli.”

“Nani analala ku nyumba yako kila usiku wa kuamkia soko?” Useni akauliza.

“Batu wengi.”

“Adolphine.”

Hapo Florentine alikaa. Adolphine wa Kilembwe! Mwanamke wa karanga, wa kicheko cha kuamsha mtaa, anayelala chini ya miguu ya kitanda chake na kukoroma kama mashine ya kusaga. Florentine alijua jina la kila mbuzi wa mwanamke huyo. Hili hakulijua.

Useni akaeleza kwa ufupi. Bamama wanaobeba mizigo wanapita kwa watu wa msituni kwa kuwaachia chumvi na sabuni. Siku nyingine wanaambiwa: siku fulani msionekane njiani. Hakuna zaidi. Adolphine akishuka anampimia Useni karanga pale sokoni, na wakati wa kupima anamtajia siku. Kwa nini anafanya hivyo? Kwa sababu binti yake alishikwa na uchungu wa uzazi Kilembwe, mtoto amekataa kutoka, na gari la shirika lilikuwa linateremka. Sheria inakataza kupakia watu. Eddy dereva aliuliza kwa redio, na Useni akajibu: mpandisheni. Mtoto huyo leo anaitwa Useni.

“Na batu ya lori?” Florentine akasema. “Ulijua, ukanyamaza.”

Useni akaweka birika chini. “Nikiambia mfanyabiashara mmoja, jioni soko yote inajua. Kesho msitu inajua. Adolphine anachinjwa na bale wa juu, ao anafungwa na hawa wa chini. Na unajua ni nani angefikisha hiyo habari ku soko mbele ya wote.”

Florentine alijua. Akaishika sukari yake kama mtu anayetaka kuirudisha nyumbani.

“Na mbona ulichagua matanga?”

“Mukubwa gani anauliza mwenye matanga maswali?”

“Papa Iddy, weye mujinga. Ku Baraka hii? Matanga bila mimi?”

Mwanahamisi akaangua kicheko, akakizima kwa kiganja. Hakikuwa cha furaha.

Jumatatu Isidore alikaa katika bureau ya Constance na ule ukurasa wa “Matanga” umefunguliwa mbele yao. Florentine aliitwa alete chai, na hakuna aliyemwambia atoke.

“Mara moja ni bahati,” Isidore alikuwa anasema. “Hii si bahati, Madame. Anasogeza tarehe, barabara inalia. Anasogeza, inalia.”

“Useni ana watoto,” Constance akasema. “Ukimpeleka pale kambini, unajua vizuri.”

“Sitamupeleka leo. Mi ni muntu wa haki, nangoja.” Akapuliza chai. “Siku akigusa tena tarehe ya barabara ya Kilembwe, na siku hiyo risasi ikalia, nitamupeleka mwenyewe. Na yule anayemutumia habari atafuata nyuma. Sukari kidogo, Mama Gentille.”

Florentine akamtilia. Alitia nyingi kuliko aliyoombwa.

Jumanne jioni Adolphine akashuka. Nyumba ilikuwa imejaa kama kawaida: wajomba, watoto wa watu, wasichana wanaomsaidia Gentille kushona mapazia ya sherehe ya mahari yake, iliyopangwa mwisho wa mwezi. Adolphine akatua mzigo, akafungua mdomo aanze habari za njia mbele ya wote, kama alivyozoea.

“Njoo nyuma, unisaidie sombe!” Florentine akamkata. Watu wakashangaa. Katika nyumba ile habari hazikatwi.

Useni aliitwa kwa kisingizio cha kukopa pampu ya baiskeli. Nyuma ya jiko Florentine akashika mchi, akatwanga kwa nguvu ili maneno yapite chini yake.

“Alhamisi,” Adolphine akasema. “Balituambia Alhamisi.”

Useni akafumba macho. Alhamisi gari la mbegu lilikuwa lipande Kilembwe na Eddy. “Nikisogeza, kesho yake niko kambini. Nisiposogeza, namuzika Eddy.”

“Na bakikupiga kule, utasema jina yangu,” Adolphine akasema. Hakuwa anamlaumu. “Kila muntu anasema.”

Mchi ukapanda, ukashuka. Kisha ukasimama.

“Isidore anachekecha nini?” Florentine akauliza. “Tarehe na risasi. Si ndiyo? Basi tarehe tutamupa. Risasi tutamunyima.”

“Utazuia risasi aje, weye?”

“Barabara ikikosa gari, batapiga nani? Nyani?”

Jumatano asubuhi Baraka iliamka na habari: mahari ya Gentille ni kesho. Florentine hakutamka neno lolote juu ya barabara. Alifanya lile analolijua. Alipita kwa mwenye lori mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa ameshalia begani mwake au kula sahani yake. Wakwe wako Mboko, kando ya ziwa, wana mbuzi, wana bibi zao wasioweza kutembea. Wakija kwa miguu aibu itakuwa ya nani, si ya Baraka yote? Nipe lori lako kesho, baba. Na wewe mwenyewe uje, kuna kiti chako. Nani angekataa? Vijana wa pikipiki aliwataka wote, waende mbele wakipiga honi. Kule bureau alisimama katikati ya watu akaomba gari na dereva.

Madame Constance alimtazama. “Kesho, Mama Gentille? Alhamisi?”

“Alhamisi, Madame.”

Constance alizungusha kalamu yake. Kama alikuwa na swali, alilimeza. “Chukua gari.”

Useni akaandika ndani ya programu: imeahirishwa. Sababu: mahari ya Gentille.

Nyumbani Gentille alikuwa analia. “Mama, gauni bado iko ku fundi! Haina mukono!”

“Utavaa ya mukono moja. Itakuwa mode mupya.”

Alhamisi ile wazee wa Baraka wanaikumbuka hata leo. Malori yote ya mji yalielekea Mboko, njia ya ziwa, na kurudi yamejaa nyimbo. Mbuzi walichinjwa, samaki wa mikeke wakachomwa, bugali ukapikwa katika sufuria za parokia. Wenye malori walikaa mstari wa mbele na kula kama wakwe. Adolphine alipika tangu alfajiri, mbele ya macho ya wote. Na kiti cha kwanza kabisa, karibu na mlango, kilikuwa cha Isidore.

Alikaa na sahani juu ya goti moja na simu juu ya goti lingine. Kila honi ilipolia aliitazama simu. Useni alihudumia maji ya kunawa, na mara mbili maji yalimwagika nje ya beseni. Mchana ukapita. Ngoma zikaingia.

Simu ikalia.

Florentine, na bakuli la samaki mkononi, alisimama palepale alipokuwa. Isidore akaiweka sikioni, akasikiliza, uso ukabadilika.

“Ndiyo,” akasema. “Ndiyo. Nitakuletea. Na nyama ya mbuzi pia.”

Ilikuwa mke wake. Waliokuwa karibu wakacheka hadi wakashika mbavu, na Florentine akacheka kuwapita wote.

Jua lilipoelekea milimani Isidore akasimama. “Barabara ya Kilembwe ililala leo.”

“Si kila muntu iko hapa, chef? Ulitaka nani awe kule?”

Isidore akaweka simu mfukoni. Akasogea karibu. “Mahari ilikuwa mwisho wa mwezi. Nani alichagua Alhamisi?”

“Bakwe.”

Bibi mmoja wa Mboko, aliyekuwa anatafuna polepole pembeni, akainua kichwa. “Sisi? Sisi hatukuulizwa kitu, mwanangu. Nalikuwa nakorogea kuku wangu pumba, mara lori, mara honi, huyu mama amesimama juu. Anasema pandeni.”

Isidore akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile. Wenye malori walikuwa wameacha kutafuna. Nyumba nzima ilikuwa inasikiliza, na Florentine aliijua nyumba yake: inaposikiliza hivyo, inataka kulishwa. Adolphine alisimama jikoni na mwiko hewani.

“Chef, unanitaka nitangaze mbele ya batu?” Florentine akasema, na sauti yake ilikuwa na aibu ya kweli. “Binti yangu iko na mimba. Ningengoja mwisho wa mwezi, gauni ingefunga wapi?”

Kisha bibi wa Mboko akapiga kigelegele kilichotikisa mabati. Wakwe wakasimama kucheza. Kijana wa mahari alishikwa mkono na watu asiowajua, macho yamemtoka. Na kutoka upande wa pili wa ukumbi Gentille, katika gauni la mkono mmoja, alimtazama mama yake. Hakuwa na mimba yoyote. Alimtazama tu, kama unavyomtazama mtu uliyemkuta mlangoni kwako bila kumwalika.

Isidore aliondoka na nyama ya mke wake imefungwa katika jani la mgomba.

Jumamosi Adolphine alipanda Kilembwe na bamama wenzake, chumvi kichwani. Watu wa msituni wakiuliza kwa nini Alhamisi barabara ilikuwa tupu, alikuwa na jibu tayari, na jibu lenyewe lilikuwa limeshapanda mlima kabla yake: binti wa Florentine wa Baraka ana tumbo, mama amekimbiza mahari. Nani hataamini? Mjini nako walikuwa wanahesabu miezi kwa vidole. Bamama waliokuwa wanakuja kwa Florentine kusikia habari, sasa walikuja kuangalia kiuno cha Gentille. Gentille alikuwa hamsemeshi mama yake, ila kwa kumwambia chakula kiko mezani.

Jumatatu Florentine akafungua programu, akachagua miradi yote mitatu. Mistari ya Useni ilikuwa palepale, lakini sasa ulikuwapo wa mwisho uliovunja hesabu: tarehe imesogezwa, na siku hiyo barabara haikuua mtu. Madame Constance alikuwa ameshautuma Bukavu hivyo hivyo, bila maelezo. Isidore alikuwa amesema atangoja. Sasa angengoja nini?

Kisha akaona. Chini ya ule ukurasa alioupa jina “Matanga”, mtu alikuwa amehifadhi mwingine. Jina lake lilikuwa “Florentine”.

Akaubonyeza. Antena ikafikiri. Ukafunguka na mstari mmoja tu: mahari ya Gentille.

Alisikia nyuma yake kama hewa imesogea. Hakugeuka. Viatu vile havina sauti, lakini sasa alikuwa amejifunza kuvisikia.

“Papa Iddy!” akaita kwa nguvu kuelekea chumba cha magari, bureau nzima isikie. “Kuna muntu alinifungulia ukurasa yangu peke yangu humu, na mustari moja tu! Huruma gani hii? Tafuta tairi, tafuta malaria, uandike jina yangu, huyu mustari ipate benzake. Mi sijazoea kukaa ku nyumba yenye haina batu.”

Chumba cha magari kikacheka. Nyuma yake hakuna aliyecheka. Florentine akangoja mpaka ile hewa ikaondoka, ndipo akaufunga ule ukurasa.